J. R. R. Tolkien

John Ronald Reuel Tolkien (Bloemfontein, 3 Januari 1892 – Bournemouth, 2 Septemba 1973) alikuwa mwandishi na mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza. Anajulikana duniani kote kwa riwaya zake The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955), zilizochangia sana kuifanya fantasia iwe utanzu unaosomwa na watu wazima. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ualimu: kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Pamoja na hayo Tolkien alikuwa mtunzi wa lugha. Tangu utotoni hadi mwisho wa maisha yake alibuni lugha kadhaa zenye sarufi, msamiati na historia. Mbili kati yake, Quenya na Sindarin, ambazo katika riwaya zake ni lugha za Waelfi, zinasomwa hadi leo na watu wa nchi nyingi. Mwenyewe alishikilia kwamba lugha zilitangulia na hadithi zikafuata, ili lugha hizo zipate watu wa kuzisema na dunia ya kuishi. Hata hivyo hakuzikamilisha, na hiyo ndiyo shida kubwa ya kila anayetaka kujifunza.

Utoto na elimu ya nyumbani

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, wakati huo mji mkuu wa Dola Huru la Orange, jamhuri ya Makaburu ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini. Baba yake, Arthur Tolkien, alikuwa Mwingereza aliyekwenda huko kufanya kazi ya benki. Mama yake aliitwa Mabel Suffield. Mdogo wake, Hilary, alizaliwa mwaka 1894.

Mwaka 1895 mama aliwachukua watoto wake kwenda Uingereza kwa ajili ya afya zao. Baba alibaki kazini akitarajia kuwafuata, lakini alifariki Februari 1896 kabla ya kusafiri. Mjane na wanawe wawili wakakaa Sarehole, kijiji kilichokuwa karibu na Birmingham. Mashamba na kinu cha maji cha mahali hapo vilibaki akilini mwa mtoto, na baadaye vilimsaidia kuchora nchi ya mahobiti.

Mabel aliwafundisha wanawe nyumbani. Ndiye aliyempa Ronald, kama alivyoitwa katika familia, masomo ya kwanza ya Kilatini, Kifaransa na Kijerumani. Mwaka 1900 alijiunga na Kanisa Katoliki, hatua iliyowaudhi ndugu zake Waprotestanti hata wakamnyima msaada wa fedha. Alifariki Novemba 1904 kwa ugonjwa wa kisukari, wakati ambapo insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ronald alikuwa na miaka 12. Alimheshimu mama yake kama mtu aliyekufa kwa ajili ya imani, na alibaki Mkatoliki maisha yake yote. Malezi ya yatima hao wawili yalichukuliwa na Padre Francis Morgan wa Birmingham, kama Mabel alivyopanga kabla ya kufa.

Lugha za kwanza

Mchezo wa kubuni lugha ulianza kwa binamu zake, Mary na Marjorie Incledon, waliokuwa na lugha yao ya siri iliyotumia majina ya wanyama badala ya maneno ya kawaida. Tolkien alijifunza lugha hiyo, kisha akashirikiana na Mary kutunga nyingine iliyoitwa Nevbosh, mchanganyiko wa maneno ya Kiingereza, Kifaransa na Kilatini yaliyopindwapindwa. Watoto wengi hufanya hivyo na kuacha wanapokua. Yeye hakuacha. Lugha iliyofuata, Naffarin, aliitunga peke yake na ilifuata sauti za Kihispania, lugha aliyoikuta katika vitabu vya Padre Morgan. Wakati huohuo alijifunza Kiesperanto.

Katika shule ya King Edward's mjini Birmingham alisoma Kilatini na Kigiriki, akafika pia kwenye Kiingereza cha Kale na Kinorsi cha Kale. Lakini kitabu kilichomgusa zaidi kilimjia kwa bahati. Rafiki yake wa shule alikuwa amenunua sarufi ya Kigothi iliyoandikwa na Joseph Wright, akidhani ni kitabu cha mambo ya Biblia. Alipoona hakimfai alimwuzia Tolkien.

Kigothi ni lugha ya Kigermanik iliyokufa zamani, na sehemu kubwa ya kinachojulikana juu yake inatokana na tafsiri ya Biblia ya karne ya 4. Maneno mengi ya maisha ya kila siku yamepotea kwa sababu hayakuwemo katika maandiko hayo. Kijana Tolkien hakuridhika na mapengo. Alichukua kanuni za mabadiliko ya sauti kati ya Kigothi na lugha ndugu zake, akakisia maneno yaliyopotea yangekuwaje, na kuanza kuyatumia. Miaka mingi baadaye wasomaji wake wangefanya vivyo hivyo kwa lugha zake mwenyewe.

Oxford, Kifini na Quenya

Mwaka 1911 aliingia Chuo cha Exeter, Oxford. Alianza na masomo ya Kilatini na Kigiriki, na mwaka 1913 akahamia Kiingereza. Sababu mojawapo ya kulegea katika masomo ya kwanza ilikuwa kitabu alichokipata kwenye maktaba ya chuo: sarufi ya Kifini. Alikuwa amesoma Kalevala, utenzi wa taifa la Wafini, kwa tafsiri ya Kiingereza, akatamani kuusoma kwa lugha yake. Hakufanikiwa kuijua lugha hiyo vizuri, ila sauti zake zilimlevya.

Mwandishi wa sarufi hiyo anajulikana Afrika Mashariki kwa jambo jingine kabisa. Ni Charles Eliot, aliyekuja kuwa kamishna wa himaya ya Waingereza katika Kenya ya baadaye hadi mwaka 1904, na anayekumbukwa huko kwa kuwafungulia walowezi Wazungu milango ya nyanda za juu.

Kutokana na Kifini, pamoja na Kilatini na Kigiriki, ilizaliwa lugha iliyokuja kuitwa Quenya. Kamusi yake ya kwanza Tolkien aliianza mwaka 1915. Quenya hupenda irabu, na kwa sikio la msemaji wa Kiswahili maneno yake mengi si mageni: parma ni kitabu, atar ni baba, cirya ni merikebu. Ugumu uko katika miisho ya nomino. Kiswahili husema merikebuni, na kitenzi ndicho kinachoonyesha kama mtu anaingia, anatoka au yumo ndani. Quenya haikiachii kitenzi kazi hiyo: ciryanna ni kuelekea merikebuni, ciryallo ni kutoka merikebuni, na ciryassë ni kuwa merikebuni.

Edith na vita

Akiwa na miaka 16 Tolkien alikutana na Edith Bratt, aliyemzidi miaka mitatu, katika nyumba ambamo wote wawili walipanga vyumba. Naye hakuwa na wazazi. Padre Morgan alipogundua mapenzi yao alimkataza kijana asiwasiliane na msichana huyo hadi atimize miaka 21. Tolkien alitii. Usiku alipotimiza umri huo, Januari 1913, alimwandikia barua, na kupata habari kwamba Edith ameshachumbiwa na mwingine. Siku chache baadaye alimfuata kwa treni na uchumba huo ukavunjwa. Walifunga ndoa 22 Machi 1916.

Miezi michache baada ya arusi alipelekwa Ufaransa akiwa luteni wa jeshi, mwenye kazi ya mawasiliano, na kushiriki mapigano ya Somme. Kutoka shuleni alikuwa na marafiki watatu wa karibu sana, waliokuwa wakisomeana mashairi na kupanga kufanya makubwa. Rob Gilson aliuawa siku ya kwanza ya mapigano, 1 Julai 1916. Geoffrey Smith alikufa kwa majeraha Desemba mwaka huohuo. Alibaki Christopher Wiseman peke yake. Tolkien alinusurika kwa sababu ya chawa: aliugua homa ya mahandaki inayoenezwa na wadudu hao, akarudishwa Uingereza Novemba 1916.

Akiwa mgonjwa alianza kuandika hadithi za dunia yake ya kubuni. Tangu hapo kamusi na hadithi zilikwenda pamoja. Jina likitokea katika orodha ya maneno lilihitaji mwenyewe, na mwenyewe akipatikana alihitaji maisha. Siku moja huko Yorkshire, Edith alimchezea ngoma katika uwazi wa msitu uliojaa maua meupe. Kutokana na hilo akatunga hadithi ya Lúthien, binti wa Waelfi aliyependwa na Beren, binadamu wa kufa.

Profesa

Baada ya vita alifanya kazi katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili ya maneno yanayoanza kwa herufi W. Mwaka 1920 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Leeds, na mwaka 1925 akarudi Oxford kuwa profesa wa Kiingereza cha Kale. Mwaka 1945 alibadilisha kiti na kuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kiingereza, hadi alipostaafu mwaka 1959. Mhadhara wake wa mwaka 1936 kuhusu utenzi wa Beowulf uliwabadilisha wataalamu, ambao kabla yake walizoea kuuchimba kama hati ya historia badala ya kuusoma kama shairi. Zaidi ya hapo hakuchapisha mengi ya kitaaluma.

Familia yake ilikuwa na watoto wanne: John, Michael, Christopher na Priscilla. The Hobbit ilianza kama hadithi ya nyumbani kwa ajili yao.

Kwa muda mrefu alificha burudani yake ya kutunga lugha. Mwaka 1931 ndipo alipoikiri hadharani, katika mhadhara uliosikilizwa na kikundi kidogo cha wasomi wa Oxford. Aliieleza kama tabia ya siri ambayo mtu huona haya kuitaja, kisha akaitetea kuwa ni sanaa. Alisisitiza pia kwamba lugha ya kubuni inahitaji visasili vyake. Baadaye aliandika kwamba Kiesperanto na wenzake vilikosa uhai kwa sababu waliovitunga hawakutunga hadithi za kuviandama. Wasemaji wa Kiesperanto, ambao wana fasihi yao, wana haki ya kulipinga hilo, lakini kauli hiyo inaeleza vizuri njia aliyoifuata yeye.

Jinsi lugha zake zilivyojengwa

Watunzi wengi wa lugha hukaa na kuamua neno fulani liwe hivi au vile. Tolkien alifanya kazi kwa kurudi nyuma. Alibuni kwanza lugha mama ya Waelfi wote, kisha akaamua jinsi sauti zake zilivyobadilika kila kundi la Waelfi lilipohama na kutengana. Quenya na Sindarin ni matokeo ya mabadiliko hayo, kama vile Kiswahili na Kikikuyu ni ndugu waliotoka katika shina moja la Kibantu. Tatu na tano za Kiswahili ni ithatũ na ithano katika Kikikuyu, na anayejua kanuni hiyo ya t na th huona undugu mara moja. Vivyo hivyo sauti kw ya zamani ilibaki katika Quenya lakini ikawa p au f katika Sindarin: ndege wa majini aitwaye batamaji ni alqua kwa lugha ya kwanza na alph kwa ya pili.

Sindarin aliitunga kwa kufuata Kiwelshi, ambacho alikipenda tangu utotoni alipoyaona majina ya Wales yameandikwa kwenye mabehewa ya makaa ya mawe. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno ili kupata wingi, kilima na vilima. Sindarin mara nyingi hubadilisha irabu za ndani: amon ni kilima, emyn ni vilima. Pia konsonanti ya kwanza ya neno huweza kugeuka kwa sababu ya neno lililotangulia, kwa hiyo anayeanza hupata taabu hata kulitafuta neno katika kamusi.

Khuzdul, lugha ya vibete wachimba migodi, ilijengwa kwa mtindo wa lugha za Kisemiti. Msomaji wa Kiswahili anayejua kwamba kitabu, katibu na maktaba vyote vimetoka katika konsonanti tatu za Kiarabu, k-t-b, ataelewa bila shida kwa nini vibete wanajiita Khazâd na lugha yao Khuzdul.

Alibuni pia herufi, maarufu zaidi zikiwa tengwar. Maumbo yake yanafuata matamshi: herufi ya t ina tumbo moja, na ya d, ambayo hutamkwa mahali palepale mdomoni kwa sauti ya ghuna, ina matumbo mawili. Katika kuandika Quenya, irabu huwekwa juu ya konsonanti kama alama ndogo, jambo ambalo halitamshangaza mtu aliyewahi kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu.

The Lord of the Rings na wanafunzi wa kwanza

Mchapishaji aliomba mwendelezo wa The Hobbit. Tolkien aliandika kwa zaidi ya miaka kumi, akitiwa moyo na rafiki yake C. S. Lewis, na matokeo yake yakatoka katika juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Juzuu ya tatu ilichelewa kwa sababu ya viambatisho, vikiwemo vile vya matamshi, maandishi na historia ya lugha.

Viambatisho hivyo ndivyo vilivyowafungulia wasomaji mlango. Baada ya toleo la bei nafuu kuenea Marekani mwaka 1965, barua zilimjia kwa wingi, nyingi zikiuliza maana ya neno fulani au kanuni fulani ya sarufi. Alijibu baadhi yake kwa kurasa ndefu. Mwaka 1967, katika kitabu cha nyimbo kilichoandaliwa na mwanamuziki Donald Swann, alifafanua neno kwa neno shairi lake la Quenya liitwalo Namárië. Kwa mwanafunzi wa wakati huo huo ulikuwa kama mgodi wa dhahabu.

Lakini mwalimu mwenyewe hakutulia. Quenya hutofautisha sisi inayomhusisha anayeambiwa na sisi inayomwacha nje, tofauti ambayo Kiswahili hakina. Katika toleo la kwanza la riwaya, neno la Frodo la kusema mkutano wetu alipowasalimu Waelfi lilikuwa omentielmo. Katika toleo lililosahihishwa likawa omentielvo, kwa kuwa mtunzi alikuwa amepanga upya viambishi vya nafsi. Aliyekuwa amekariri salamu ya kwanza ilimbidi ajifunze tena. Lugha ya mtindo wa Kiwelshi nayo ilipewa wenyewe wapya: katika maandishi ya miaka ya 1930 iliitwa Noldorin na kusemwa na Waelfi wengine, kisha baadhi ya kanuni zake zikabadilishwa na ikawa Sindarin.

Alikuwa akitafsiri pia sala za Kanisa. Miaka ya 1950 aliandika Baba Yetu kwa Quenya, akaikatakata na kuiandika upya mara kadhaa.

Miaka ya mwisho

Umaarufu ulimletea simu za usiku na wageni mlangoni. Mwaka 1968 yeye na Edith walihamia Bournemouth, pwani ya kusini. Edith alifariki 29 Novemba 1971, na Tolkien akarudi Oxford. Mwaka 1972 alitunukiwa nishani ya CBE na Malkia Elizabeth II. Alifariki 2 Septemba 1973 akiwa na miaka 81, akazikwa pamoja na mkewe kwenye makaburi ya Wolvercote, Oxford. Chini ya majina yao yamechongwa majina Lúthien na Beren.

Kujifunza lugha zake baada ya kifo chake

Hakuacha kitabu cha sarufi kilicho kamili. Aliacha marundo ya karatasi zilizopingana, nyingine zikiwa na mistari ya kalamu ya risasi isiyosomeka vizuri. Mwanawe Christopher alizipanga hadithi na kutoa The Silmarillion mwaka 1977, kisha juzuu 12 za historia ya uandishi huo kuanzia 1983 hadi 1996. Juzuu moja, ya mwaka 1987, ilikuwa na orodha ya mizizi ya maneno ya Kielfi kutoka miaka ya 1930, nayo ikawa msingi wa kamusi karibu zote zilizofuata. Karatasi nyingine za lugha zimekuwa zikichapishwa polepole katika majarida ya Parma Eldalamberon na Vinyar Tengwar. Kamusi ya mwaka 1915 haikuonekana hadi 1998.

Kwa hiyo anayejifunza Quenya leo anakuta maneno ya vipindi tofauti, na lazima achague. Wanaoshughulika na lugha hizo wamegawanyika. Wapo wanaotaka kuzitumia kwa kuandika mashairi na barua: hao huchukua mizizi ya Tolkien na kuunda maneno yanayokosekana. Wengine husema kazi halali ni kuchunguza alichoandika Tolkien tu, kwa kuwa kuunganisha Quenya ya 1915 na ya 1965 ni kutengeneza lugha ambayo yeye hakuijua. Filamu za Peter Jackson za 2001–2003 ziliongeza moto huo. Mazungumzo yake ya Kielfi yalihitaji sentensi ambazo Tolkien hakuwahi kuandika, na mwanaisimu David Salo akazitunga kwa kukisia kutokana na kanuni zilizopo. Mamilioni waliisikia Sindarin kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Kila jarida jipya linapotoka, walimu wa lugha hizo hupitia masomo yao na kusahihisha. Neno lililoundwa na wanafunzi wakati mwingine hukutwa kwenye karatasi za mwenyewe likiwa na umbo lilelile walilolikisia, na wakati mwingine hukutwa alikuwa na neno tofauti kabisa.